Maswali ya Wasomaji: Mkanda Umeungua, au Haukuona Mwanga?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaopiga picha kwa kamera za mkanda watuandikie matatizo yao. Barua zilizo nyingi zimetoka kwa wenye kamera za bei ya chini, zile za plastiki ambazo hazina cha kurekebishwa isipokuwa kitufe cha kupigia na pengine cha flashi, na kwa hiyo safu nzima ya leo tumewaachia wao.

Shikamoo mzee wetu wa safu hii. Mwezi wa Desemba nilinunua kamera ndogo ya plastiki kwa muuza vitu vya mtumba hapa Tanga. Nikatia mkanda wa rangi wa ASA 200 wenye picha 36, nikaumaliza wote katika siku tatu za harusi ya dada yangu, kuanzia usiku wa hina hadi kutolewa kwa bibi harusi. Studio wamenirudishia picha 11 tu na kuniambia kuwa mkanda umeungua. Je, kamera ni mbovu, au nimedanganywa? – Msomaji, Tanga

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kumwoza dada. Kabla hujamlaumu fundi wa studio au aliyekuuzia kamera, chukua zile negativu ulizorudishiwa, simama dirishani mchana, uziinue zipitishe mwanga, kisha uzitazame fremu moja baada ya nyingine. Kwa mafundi wetu wengi kila picha isiyotoka "imeungua", kama ambavyo kwa baadhi yetu kila homa ni malaria, lakini negativu yenyewe haimfichi kitu anayejua kuisoma.

Kwenye negativu mambo yako kinyume: palipopigwa na mwanga mwingi huwa peusi, na pasipofikiwa na mwanga hubaki angavu, pakionyesha ile rangi ya chungwa iliyo ya mkanda wenyewe. Mkanda ulioungua kweli, yaani ulioingiwa na mwanga kwa sababu kamera ilifunguliwa au kifuniko cha nyuma kina mwanya, huwa na weusi unaotapakaa hadi nje ya fremu na kuvuka yale matundu ya pembeni. Ukiona badala yake kuwa fremu ni angavu, zina kivuli hafifu cha mtu kama maji yaliyosuuziwa chungu, na pembeni namba za fremu pamoja na jina la mkanda vinasomeka vizuri, basi mkanda wako haukuungua hata kidogo, bali ulikosa mwanga. Kwa kuwa umesema sehemu kubwa uliipiga usiku na ndani ya nyumba, nina hakika karibu kamili kuwa ndivyo utakavyokuta.

Kamera ya namna hii haipimi mwanga. Shata yake hufunguka kwa muda uleule mmoja, kwa kawaida karibu sehemu moja ya mia ya sekunde, na tundu la lenzi ni lilelile, mara nyingi lililo karibu na f/8 (namba ya f ikiwa ndogo tundu huwa kubwa), iwe saa sita mchana au saa mbili usiku. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni ya kukisia bila kipimo: jua likiwaka bila wingu, tundu liwe f/16 na shata ifuate ASA ya mkanda, ile namba ya wepesi wake wa kupokea mwanga ambayo ikiwa kubwa mkanda hutosheka na mwanga mdogo, yaani kwa ASA 200 iwe sehemu moja ya 200 ya sekunde. Ukiilinganisha kamera yako na kanuni hiyo, utaona kwamba juani inaupa mkanda mwanga ulio mara nane ya ule unaohitajika, na negativu ya rangi huibeba ziada hiyo bila taabu kubwa. Wingu zito likitanda, kipimo hukaa sawasawa. Chini ya mwembe hupungua kidogo, kiasi ambacho fundi mzuri anaweza kukifidia wakati wa kuchapa. Sebuleni usiku, chini ya taa moja ya dari, mkanda hupata chini ya sehemu moja ya thelathini ya mwanga unaouhitaji, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia, kwa sababu kisichoandikwa kwenye negativu hakisomeki.

Utaniambia kuwa flashi ilikuwa inawaka. Naamini, ila flashi ya kamera ndogo, kwa mkanda wa ASA 200, haivuki mita 3 au 4, na mwanga wake hupungua haraka kuliko macho yanavyotudanganya: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Bibi harusi aliyeketi jukwaani, nawe umekaa mstari wa tatu wa viti, hakupata chochote. Aliyepata ni shangazi aliyekuwa mbele yako, ambaye bila shaka ametoka mweupe kama aliyepakwa unga. Zaidi ya hapo, betri zikichoka flashi huchukua sekunde kumi na zaidi kujaa, na kitufe cha kamera nyingi za bei hii hukubali kubonyezwa hata kabla ile taa ndogo ya pembeni haijawaka. Picha zako 11, nadhani, ni zile za mchana nje pamoja na zile za flashi ulizosogea karibu na kusubiri taa.

Kwa hiyo kamera si mbovu na hukudanganywa, ingawa fundi angeweza kukueleza vizuri zaidi. Safari ijayo tia mkanda wa ASA 400, kwani watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili: kamera za kutumia mara moja za Fujifilm QuickSnap, ambazo zina lenzi na shata ya namna hiyohiyo, huwekewa mkanda wa ASA 400, na zile za Kodak FunSaver huwekewa wa ASA 800. Shughuli ikiwa mchana, watoe watu barazani au wasogeze mlangoni, nyuso zao zielekee kwenye mwanga na wewe uwe umeupa mwanga mgongo. Usiku, simama kati ya hatua mbili na nne za mtu mzima kutoka kwa unayempiga. Ukikaribia zaidi ya hapo lenzi yako, ambayo imefungwa mahali pamoja na haisogei, itamtoa akiwa na ukungu, na ukienda mbali zaidi flashi itamwacha gizani.

Kaka mhariri, flashi ya kamera yangu imekufa. Nimeshatoa skrubu mbili na ninataka kuifungua niangalie waya. Nianzie wapi? – Msomaji, Kisumu

Anzia kwa kuzirudisha hizo skrubu mbili, ndugu yangu. Ndani ya kila flashi kuna kapasita inayohifadhi umeme wa volti 300 hivi, na huendelea kuushika kwa muda mrefu hata baada ya betri kutolewa. Anayeigusa hurushwa mkono, na mwenye moyo dhaifu anaweza kupata madhara makubwa zaidi. Badilisha betri, sugua vile vibati vinavyogusana na betri kwa kifutio cha penseli hadi kutu ya kijani itoke, na ikiwa bado haiwaki, itumie kamera hiyo mchana tu au umpelekee fundi wa redio anayejua kuondoa umeme kwenye kapasita kabla ya kugusa kitu.

Mpendwa mhariri, mkanda wangu mzima umetoka mtupu. Fundi anasema sikupiga picha hata moja, na mimi nakumbuka kila picha niliyopiga. Nani mkweli? – Msomaji, Morogoro

Yawezekana nyote wawili ni wakweli. Tazama ukingo wa mkanda. Ikiwa namba za fremu na jina la mkanda vinaonekana, dawa za studio zimefanya kazi yake na kosa ni la upande wako: mkanda haukusogea ndani ya kamera. Ikiwa hakuna namba wala maandishi yoyote, basi mkanda haukupata dawa ipasavyo, na hapo una haki ya kurudi studio ukazungumze nao kwa upole.

Tuseme namba zipo. Tatizo hili huanza dakika ile ya kwanza ya kutia mkanda, na huwapata hata wazoefu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana wa kupiga picha za mitaani Moshi, nilipiga picha 41 za Kipaimara kwa mkanda wa picha 36, huku nikijipongeza kwa bahati ya picha za nyongeza. Ulimi wa mkanda ulikuwa umekaa palepale nilipouacha asubuhi, na malipo ya watu ilibidi niyarudishe shilingi kwa shilingi.

Fanya hivi. Keti kivulini, si juani. Weka kikopo cha mkanda upande wa kushoto, vuta ulimi wake kiasi cha upana wa kiganja hadi ufike kwenye gurudumu la kulia, uuchomeke kwenye ufa wake, kisha usogeze kidogo kabla hujafunga kifuniko, mpaka uone meno ya gurudumu yameingia kwenye matundu ya mkanda, ya juu na ya chini. Wengi hufunga mara tu ulimi ukigusa gurudumu, wakitumaini kuwa kamera itajitafutia. Ukishafunga, zungusha taratibu ile swichi ya kushoto ya kurudishia mkanda, kwa kufuata mshale wake, hadi uhisi mkanda umekaza. Sasa piga picha mbili za bure na usogeze mkanda kila mara, macho yako yakiwa kwenye swichi hiyohiyo. Ikizunguka yenyewe kwa upande wa kinyume cha mshale, mkanda unasafiri. Ikitulia tuli, fungua urudie, maana bado hujapoteza chochote ila sentimita chache. Namba inayosomeka kwenye kidirisha cha kuhesabia picha usiiamini hata kidogo, kwani katika kamera nyingi huendelea kuhesabu mkanda uwepo usiwepo.

Kwako mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi na nimeona watu wakisifu kamera ya Holga. Wenzangu wananicheka kuwa ni mwanasesere. Je, ninunue? – Msomaji, Nairobi

Wenzako hawajakosea sana, kwa kuwa Holga ni plastiki karibu yote, pamoja na lenzi. Ilibuniwa Hong Kong na Lee Ting-mo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili watu wa kawaida wa China bara wapate kamera ya familia kwa bei ndogo, ikitumia mkanda mpana wa 120 uliokuwa ukipatikana kwa wingi huko. Bahati mbaya mkanda mwembamba wa milimita 35 uliingia na kuutoa ule mpana sokoni, na Holga ikaja kupata wapenzi nje ya China, miongoni mwa watu walioipendea makosa yake: katikati ya picha kunaonekana vizuri, pembeni kunafifia na kuingia giza, na mwanga hupenya pale mwili wa kamera usipobana. Ina swichi ya jua na wingu, lakini katika kamera za mwanzo tundu lilibaki lilelile popote swichi ilipoelekezwa.

Ushauri wangu, na ni wangu mimi, ni kwamba usianzie hapo. Mkanda wa 120 unatoa picha 12 za mraba tu, ni wa shida kupatikana kwetu, na studio zinazousafisha ni chache hata kuliko zile za milimita 35. Tena makosa ya Holga siku hizi yanauzwa kama mapambo, na sioni sababu ya kulipia doa ambalo mwenye kamera ya mtumba hulipata bure. Tafuta kamera ya mkanda wa milimita 35 kama zile Yashica MF-2 zilizokuwa kwenye makabati ya wazazi wetu. Kabla hujalipa, fungua nyuma, elekeza lenzi kwenye mwanga, bonyeza, na uhakikishe kuwa unaona mwanga ukimemeta na kuzimika papo hapo. Tazama pia ile sponji nyeusi inayozunguka kifuniko: ikigeuka kuwa lami kidoleni, kamera itaunguza mkanda hadi utakapoibadilisha au kuziba viungo vyake kwa utepe mweusi wa fundi umeme.

Na kuhusu kuchekwa, Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia, alianza na Box Brownie, ambayo ni kisanduku chenye lenzi sahili na shata moja.

Babu yetu ameacha mikanda minne ya rangi kabatini, ambayo muda wake uliisha yapata miaka 20 iliyopita. Tuitupe? – Msomaji, Mwanza

Msiitupe. Mkanda wa rangi ukizeeka hupoteza wepesi wa kupokea mwanga, na kwa makisio ya kawaida ya wapiga picha huhitaji mwanga maradufu kwa kila miaka kumi iliyopita tangu tarehe yake. Mkanda wenu wa miaka 20 utataka mara nne, na hapa kamera duni ina faida ambayo haikukusudiwa na aliyeitengeneza: mkanda ukiwa wa ASA 200, juani kamera ile ya msomaji wa Tanga ilikuwa tayari ikiupa mara nane. Pigeni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, nje, bila kuingia kivulini, na mtapata picha, ingawa rangi zitakuwa zimechujuka na chembechembe zitaonekana. Joto la kabati la bati huharibu haraka kuliko miaka yenyewe, kwa hiyo jaribuni mmoja kwanza, na iliyobaki ifungeni ndani ya mfuko usiopitisha hewa muiweke kwenye friji. Siku ya kuitumia itoeni mapema na iacheni saa moja au mbili ikiwa imefungwa, isije ikatoa jasho.

Assalamu alaykum. Naishi Muscat na kila mwaka naja Unguja kuwaona wazee. Nasikia mashine za uwanja wa ndege huharibu mikanda. – Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam. Ni kweli kwa sehemu. Usiweke mikanda kamwe ndani ya sanduku linalokwenda kwenye shehena, kwa sababu mionzi ya huko ni mikali. Ichukue mkononi, ndani ya mfuko unaoonyesha, na umwombe ofisa aikague kwa mkono. Akikataa, mashine za zamani za mizigo ya mkononi hazina madhara makubwa kwa mkanda wa ASA 400 kushuka chini ukipita mara chache, lakini zile mpya zinazopiga mzigo picha ya pande zote huacha ukungu hata kwa mara moja. Njia iliyo salama kuliko zote ni kuisafisha mikanda Unguja kabla ya kurudi, kama utampata wa kuisafisha.

Mzee, hapa Dar es Salaam studio niliyoizoea imeacha kusafisha mikanda na kubaki na picha za simu na pasipoti. Naweza kuusafisha mkanda nyumbani? – Msomaji, Dar es Salaam

Unaweza, na ninakushauri uanze na mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe, kwa kuwa dawa zake ni chache na husamehe. Utahitaji tangi dogo lisilopenyeza mwanga lenye gurudumu la kuviringishia mkanda, kipimajoto, dawa ya kutokeza picha, dawa ya kugandisha, na maji. Kazi ya giza ni moja tu, kuutoa mkanda kikoponi na kuuviringisha ndani ya tangi; tangi likishafungwa unawasha taa na kuendelea mezani. Fanya usiku bafuni, ziba chini ya mlango kwa kanga iliyokunjwa, kisha keti dakika tano bila kugusa kitu. Ikiwa baada ya dakika hizo unauona mkono wako, bado hapajawa giza. Wazee watakuambia utumie taa nyekundu kama walivyoona studio zamani. Wakatalie kwa heshima, kwani taa ile ilikuwa ya karatasi za kuchapia, na mkanda wa leo huiona nyekundu kama unavyoona rangi nyingine.

Tatizo letu sisi wa pwani ni joto. Dawa ya picha nyeusi na nyeupe hupimwa kwa nyuzi 20. Kwa mfano, mkanda wa Ilford HP5 ndani ya dawa ya D-76 isiyozimuliwa huchukua dakika saba na nusu kwa joto hilo, ilhali maji ya bomba ya Dar es Salaam yanaweza kutoka yakiwa na nyuzi 28. Ukitumia hivyohivyo picha itapikika haraka mno na isivyo sawa, sehemu nyeusi sehemu hafifu. Weka chupa za dawa ndani ya beseni la maji, tia vipande vya barafu vilivyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, na usianze hadi kipimajoto kisome 20. Mkanda wa rangi ni kinyume chake, kwa kuwa dawa yake hutaka nyuzi 38 kwa dakika tatu na sekunde kumi na tano, na beseni la maji ya moto hulifikia joto hilo upesi. Lakini hapo hata nusu nyuzi ya kosa hubadilisha rangi, hivyo ungoje hadi mkono uzoee.

Dawa ya kugandisha iliyokwisha kutumika usiimwage shambani wala karibu na kisima, kwa sababu imebeba madini ya fedha kutoka kwenye mkanda. Ihifadhi kwenye dumu lenye maandishi. Mkanda uoshe kwa maji safi kwa muda usiopungua dakika kumi, kisha uutundike bafuni kwa kibanio cha nguo, na kibanio kingine chini ili usijikunje. Mwagia sakafu maji kabla ya kuutundika, vumbi litulie, halafu ufunge mlango na uwaambie watoto kuwa bafu halitumiki hadi asubuhi.